Sheria za Qin, Mvua ya Alief na Mlango Wangu

Kila Agosti simu yangu huanza kulia. Ni walimu wageni kutoka kwetu, wamepata kazi katika shule za hapa Houston au kule Dallas, na mtu fulani wa kanisani amewapa namba yangu. Wote huuliza jambo lilelile, kwa heshima nyingi: "Mwalimu Nafula, hawa watoto unawashika vipi?"

Sasa nimestaafu. Keki nimekula, hotuba nimesikiliza, na nimepewa saa kubwa ya ukutani ambayo haikuja na betri. Badala ya kujibu simu mojamoja nimeona niandike. Vyeo sitavitaja, kwa sababu nilivyopata havijazi hata aya. Mshahara wa mwalimu wa Texas mnaujua, au mtaujua mwisho wa mwezi. Nitawaambia habari za Qin.

Qin, hutamkwa karibu na "chin", ni ule utawala wa kale wa China uliomeza falme zote za jirani, moja baada ya nyingine, ukazifanya dola moja chini ya mfalme aliyejiita wa kwanza. Kisha ukaanguka kabla mtoto aliyezaliwa siku ya ushindi hajaota ndevu. Nililifundisha somo hilo kila mwaka tangu nilipopewa darasa langu mwenyewe, na siku moja lilikaribia kunifukuzisha kazi. Sijutii, na msitegemee kuona majuto mahali popote katika kurasa hizi.

Hapa Marekani nilianzia Dallas. Nilikuwa mwalimu wa kushikilia, yule anayepigiwa simu alfajiri mwenye darasa akiugua. Nilipanga chumba mtaa wa Vickery Meadow kwa sababu treni ilipita karibu na sikuwa na gari. Majirani zangu karibu wote walikuwa Wakongo waliotoka kambi za wakimbizi, na ukuta wetu ulikuwa mwembamba kiasi kwamba maombi yao ya jioni nami niliitikia amina. Siku yangu ya kwanza darasani niliingia, nikaweka mkoba mezani, nikasimama mbele na kunyamaza. Nilikuwa nasubiri wasimame waniamkie. Kule Bungoma, nilikofundisha kabla ya kuja, ningesikia viti vikikwaruza sakafu kabla sijavuka kizingiti. Hapa msichana mmoja aliinua macho kutoka kwenye simu yake akasema, "Miss, you good?" Nikaendelea kusubiri. Mwenzake akatoka mbio kumwita mwalimu wa chumba cha pili, akamwambia kuna mama amepatwa na kitu mbele ya darasa. Ndugu zangu, msisubiri kuamkiwa. Mtazeeka mmesimama.

Siku hiyohiyo nilitangaza kwamba atakayechelewa kesho yake atapiga magoti nje ya mlango. Walicheka wakashika mbavu. Walidhani Miss ni mchekeshaji, na kwa kuwa kesho yake sikuitwa tena shule ile, sikuwahi kuwasahihisha.

Baadaye mume wangu alipata kazi ya uuguzi katika hospitali za Houston, tukahamia Sugar Land, nami nikaajiriwa katika shule ya sekondari ya Alief, mwendo mfupi kwa gari. Huko ndiko nilikokutana na Kocha Purvis. Lazima mjue kwamba Texas mwalimu wa historia mara nyingi ni kocha wa mpira wao ule wa kubeba mkononi na kuvaa kofia ngumu. Kocha Purvis alikuwa mzee mwenye tumbo, filimbi shingoni hata akiwa kanisani, na alijua historia ya dunia kuliko nilivyotegemea, ila aliifundisha yote kama mechi. Nilikaa nyuma ya darasa lake akichora jeshi la Qin ubaoni kwa alama anazotumia kuchorea wachezaji wake. Wenye pinde mbele. Wenye mikuki mirefu nyuma yao. Magari ya farasi pembeni, wapanda farasi wakisubiri kuzunguka. Watoto waliokuwa wamelala waliamka.

Baada ya kipindi aliniambia, "Nafula, jeshi ni peremende. Wape Jumatatu. Lakini wakifika Ijumaa wakidhani peremende ndiyo chakula, hujafundisha kitu."

Maneno hayo yalinijengea kazi yangu yote. Niliunda wiki ya Qin, na kwa faida ya mtakaotaka kuiba, nitawaeleza ilivyokwenda.

Jumatatu ilikuwa ya jeshi. Chombo changu kikuu kilikuwa kifyatulio cha upinde. Askari wa Qin hawakutegemea tu upinde wa kuvuta kwa mkono kama wa wawindaji wetu. Walikuwa na upinde uliolazwa juu ya kipande cha mbao, wenye kifyatulio cha shaba kama cha bunduki. Mwalimu wa useremala alinichongea vifyatulio vya mbao, kila kimoja vipande vichache na pini za kuvishikanisha. Niliwaambia wanafunzi wavifungue, wachanganye vipande vyote kwenye sanduku, kisha kila mmoja aokote na kuunda upya. Viliingiana. Hapo ndipo nilipowaonyesha nguvu ya Qin ilipotoka: mkulima asiyejua kupigana alipewa silaha iliyotengenezwa kwa kipimo kimoja, akafundishwa kusimama kwenye mstari, na akaahidiwa cheo na shamba kwa kila kichwa cha adui atakacholeta. Hakuhitaji kuwa shujaa. Wavulana walipenda sana habari ya vichwa. Wasichana walipenda vifyatulio, na mara zote ndio waliomaliza kuviunda kwanza.

Jumanne niliwaonyesha kilichoandikwa kwenye silaha hizo. Fundi alichora jina lake na jina la msimamizi wake, si kwa kujivunia, bali ili kitu kikiharibika ijulikane nani wa kuadhibiwa. Nilizoea kusema hivyo huku nikielekeza kidole upande wa ofisini, ambako matokeo ya mitihani yetu yalibandikwa ukutani, kila mwalimu na jina lake. Wenzangu walielewa. Wanafunzi walisubiri niendelee.

Jumatano tuliingia katika sheria. Kukatwa pua, kukatwa mguu, kuchorwa usoni alama isiyofutika, kupelekwa kujenga ukuta mpaka ufe. Vitabu vilichomwa ili watu wasilinganishe zamani na sasa. Na juu ya yote, familia zilifungwa pamoja katika makundi ya tano tano. Mmoja wenu akikosa nanyi mkakaa kimya, nyote mna hatia. Kwa hiyo siku hiyo nilipanga madawati matano matano, nikasema: mmoja akiongea bila ruhusa, kundi zima linabaki wakati wa chakula. Sikuhitaji kusimamia chochote. Kabla kengele haijalia, marafiki wa tangu shule ya msingi walikuwa wanashtakiana. Niliwaruhusu wote waende kula, nikawauliza kesho yake walijisikiaje. Kila mwaka palikuwa na mmoja wa kusema, "But Miss, it worked. Darasa lilikuwa kimya."

"Ndiyo," nilimjibu kila mwaka. "Lilikuwa kimya. Je, ulijifunza nini katika kimya kile, zaidi ya kumchukia jirani yako?"

Alhamisi ilikuwa ya mvua. Waandishi wa mambo ya kale wanasimulia kwamba kundi la wakulima walioandikishwa jeshi kwa nguvu walikuwa njiani kwenda kulinda mpaka. Mvua ikanyesha, barabara ikafurika, wakajua hawatafika siku waliyopangiwa. Kuchelewa adhabu yake kifo. Kuasi adhabu yake kifo. Viongozi wao wawili wakapiga hesabu rahisi, wakaasi, na dola iliyokuwa imeshinda majeshi yote ikaanza kubomoka kwa sababu ya watu waliochelewa. Darasa langu halikuwahi kulala siku ya Alhamisi.

Kisha niliwapa mfupa wa kutafuna. Simulizi hiyo iliandikwa chini ya utawala uliofuata, uliokuwa na sababu ya kumchafua mtangulizi wake. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuja kupata, katika kaburi la karani mmoja wa Qin, sheria zenyewe zimeandikwa kwenye vipande vya mianzi. Humo, kuchelewa kazi ya serikali adhabu yake ni kukaripiwa, ukizidi unatozwa faini. Na mvua ikizuia, watu wanasamehewa. Wataalamu bado wanabishana. Nami niliwaacha wanafunzi wabishane mpaka Ijumaa, kwa sababu hicho ndicho chakula alichosema Kocha.

Sasa mnalijua somo. Nakuja kwenye mlango.

Mwaka mmoja tuliletewa makamu mpya wa mkuu wa shule, Bwana Whitlock. Sitaki mumwone kama jini. Alikuwa mtu safi, wa kuamka mapema, na hakuwahi kuelewa kwa nini wengine hawaamki. Alikuta korido zetu zimejaa watoto baada ya kengele, akaleta dawa. Kengele ikilia, kila mwalimu afunge mlango kwa ufunguo na asiufungue. Wasaidizi wenye redio za mkononi wanapita koridoni wakiwakusanya waliobaki nje, wanawapeleka ukumbi wa chakula, wanaandikwa. Kazi hiyo tuliiita kufagia, na neno lilikuwa lake. Ukifagiwa mara nyingi kupita kiwango, unapelekwa shule ya nidhamu, ile yenye lango la kukaguliwa mifuko. Halafu akaongeza sukari: darasa ambalo halina aliyefagiwa wiki nzima linapewa pitsa Ijumaa. Mmoja akichelewa, darasa zima linakosa.

Mnaona alichokifanya. Mimi niliona tangu kwenye mkutano wa walimu, nikanyoosha mkono. "Bwana Whitlock, watoto wataanza kumchukia mwenzao anayechelewa."

"Exactly," akasema, akafurahi kwamba nimemwelewa.

Katika darasa langu, aliyechelewa alikuwa Furaha. Furaha alikuwa msichana wa Kikongo, mrefu, mwenye sauti ndogo, na alikuwa amepata nafasi katika programu ya kufundishwa usaidizi wa uuguzi. Nguo zake za hospitali alizibeba ndani ya mfuko wa plastiki ili zisikunjike. Mama yake alifanya kazi ya usiku katika kiwanda cha kufungasha vyakula, akirudi asubuhi kwa basi. Furaha hakuweza kuwaacha wadogo zake peke yao. Basi la mama likiwahi, Furaha aliwahi. Likichelewa, alifagiwa. Nilikwenda kumweleza Bwana Whitlock habari hiyo. Akanijibu kwamba akianza kusikiliza sababu hatamaliza, na kwamba Furaha amebakisha nafasi moja tu. Akifagiwa tena, anakwenda shule ya nidhamu, na wa shule ya nidhamu haruhusiwi kuingia wodini. Yaani programu basi. Jambo hilo Furaha alilijua, mama yake alilijua, na darasa zima lililijua, kwa sababu kila Ijumaa walinusa pitsa ya darasa la jirani.

Wiki ya Qin mwaka ule ilichelewa. Ratiba ya wilaya ilinitaka niwe nimeshamaliza na kuhamia Roma. Mimi mwenyewe nilikuwa nyuma ya ratiba, na hakuna aliyenifungia mlango.

Alhamisi mvua ilinyesha. Mnaoishi hapa mnaijua mvua ya Houston, haina adabu. Njiani kutoka Sugar Land maji yalifika kwenye milango ya magari madogo, na nilipofika shule soksi zangu zilikuwa zinalia chwichwi ndani ya viatu. Kengele ililia darasa likiwa karibu limejaa. Nilifunga mlango. Nawaambia wazi, niliufunga, kwa sababu redio zilikuwa zinasikika koridoni. Nikaanza simulizi: wakulima, barabara, mafuriko. Nikafika pale wanapojua kwamba wamechelewa, na mtu akagonga kioo.

Alikuwa Furaha. Alikuwa amelowa mpaka magotini. Mfuko wa plastiki ameuinua juu ya kichwa. Alisogeza mdomo karibu na ufa wa mlango.

"Madamu, maji ilijala ku barabara. Bus ilikatala kupita. Nilitembeya."

Mmoja wa nyuma akasema, "Miss, don't. Tumebakiza leo na kesho." Walikuwa hawajafagiwa wiki nzima, mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Nikageuka kumtazama aliyesema, na alikuwa hana ubaya wowote usoni, alikuwa na njaa tu. Ubaoni nyuma yangu nilikuwa nimeandika: Mvua. Wamechelewa. Wafanye nini?

Hasira iliyonishika ilikuwa ya miaka. Nilikumbuka magoti niliyoyapigisha sakafuni Bungoma, nilikumbuka yangu mwenyewe nikiwa mtoto, na nikasema ndani yangu, haiwezekani nimevuka bahari kuja kumfagia mtoto wa mwenzangu. Nilifungua mlango. Lakini sikumwingiza Furaha. Redio ilikuwa imeshafika kwenye kona, wangemwona akiingia na wangemwandika hivyohivyo. Nilitoka mimi, nikasimama koridoni kando yake.

"Basi na mimi nimechelewa," nikasema.

Sikuwaomba wanafunzi kitu. Hilo nitaliapia. Nilisikia kiti kimoja kikikwaruza sakafu, sauti niliyoisubiri Dallas bila kuipata. Alikuwa Marcus. Marcus alikuwa mrushaji mkuu wa timu ya Kocha Purvis, kijana ambaye shule nzima ilimjua kwa bega lake la kulia. Alifika mlangoni, akasita.

"Miss, mimi pia nimebakiza moja," akasema.

"Basi kaa ndani, Marcus."

"No ma'am." Akatoka, akasimama upande wa pili wa Furaha. Viti vingine vikafuata, vingi kwa mpigo, hata yule mwenye njaa, ambaye alitoka wa mwisho akinung'unika jina la pitsa aliyoipenda.

Bwana Whitlock alikuja mwenyewe, redio mkononi. Alitutazama tulivyojipanga ukutani.

"Nani amechelewa hapa?"

"Sisi sote," nikasema.

"Miss Nafula, this is not a game."

"Najua. Nafundisha Qin. Hata katika sheria za Qin, mvua ilisamehewa."

"Hii si China," akasema, na kwa hilo alikuwa sahihi. Akatuelekeza ukumbi wa chakula, sote, mwalimu na darasa lake. Tulitembea kwenye mstari ulionyooka kuliko siku nyingine yoyote. Ukumbini tulikuta watoto wa madarasa mengine waliofagiwa kwa mvua ileile, nguo zimelowa, na msaidizi akiwaandika. Nikaomba kiti nisimame juu yake, nikamalizia somo pale. Wale wageni hawakuwa na mtihani wa Qin, lakini walisikiliza, maana wakulima wale walikuwa wamelowa kama wao.

Kesho yake niliitwa ofisini kwa mkuu wa shule. Sikuitwa kwa ajili ya kesi yangu kwanza. Niliitwa kutafsiri. Mama yake Furaha alikuwa ameletwa kuambiwa kwamba mtoto anahamishwa, na mfanyakazi pekee wa shule aliyejua Kiswahili alikuwa mimi. Bwana Whitlock alikuwepo, na mkuu wa shule, mama wa makamo ambaye maishani mwake hakupenda kelele. Mama Furaha alikuwa bado na kofia ya kiwandani, macho mekundu ya usingizi. Walimsogezea karatasi ya kukubali uhamisho.

"Inasema nini?" akaniuliza.

Nikamwambia. Akaisukuma karatasi kwa kidole, taratibu, mpaka upande wa pili wa meza.

"Mi sitasaini hii. Madamu, umuambie huyu patron vizuri, usipunguze kitu. Kwetu kulikuwa barrière ya basoda ku barabara. Tulipita pale na batoto. Balikuwa babaya, banakamata bintu, banapiga batu. Lakini mvua ikipiga sana, hata bale banatuacha tupite. Umuulize, yeye anaogopa nini?"

Nikatafsiri yote, kizuizi cha askari barabarani na mvua, sikupunguza kitu. Neno "patron", yaani bosi, niliacha kama lilivyo. Bwana Whitlock akawa mwekundu, akasema kwa upole kwamba anamheshimu mama huyu na yote aliyopitia, lakini kanuni ikivunjwa kwa mmoja imekwisha. Mkuu wa shule akashusha pumzi, akachukua kalamu. Niliona anataka kuandika kwamba mzazi amekataa kusaini, maana uhamisho haukuhitaji saini, ulihitaji tu kuandikwa. Mama Furaha naye aliona. Hakulia. Alinishika mkono chini ya meza na kuubana mpaka pete ikaniumiza.

Mlango ukagongwa, na kabla hajakaribishwa akaingia Kocha Purvis, filimbi shingoni, kofia mkononi.

"Samahani, akina mama. Nasikia mchezaji wangu anahamishwa."

"Hatumzungumzii mchezaji wako," mkuu wa shule akasema. "Tunamzungumzia Furaha."

"Marcus alifagiwa jana. Alikuwa amebakiza moja kama huyu binti. Kama kanuni ni moja, wanakwenda wote, na wengine wa darasa lile pia. Mechi ni leo." Akakaa bila kuambiwa. "Nimekuja tu kujua niwaambie nini wazazi uwanjani."

Mkuu wa shule aliichukua karatasi ya Furaha, akaitazama muda mrefu kuliko maandishi yaliyokuwepo, kisha akaikunja mara mbili.

"Waliofagiwa jana asubuhi hawahesabiwi," akasema. "Hali ya hewa."

"Lakini kanuni inasema—" Bwana Whitlock akaanza.

"Mvua ilinyesha, Whitlock."

Nikamtafsiria Mama Furaha. Akauachia mkono wangu, akasimama, akamwambia mkuu wa shule asante kwa Kiingereza, akamwambia Kocha merci, na kwa Bwana Whitlock akapita kimya. Nje akaniuliza yule mzee mwenye filimbi ni nani. Nikamwambia ni mwalimu wangu.

Nilifurahi, na nilikasirika. Ndugu zangu, msinielewe vibaya, machozi yalinitoka kwenye gari. Lakini ilinichoma kwamba maneno ya mama aliyevuka vizuizi vya askari na watoto wake hayakutosha, na bega la mtupa mpira likatosha. Haki ya Texas ina njia zake. Kilichonipoza ni kumkumbuka Marcus akisita mlangoni. Yeye hakujua kwamba Kocha ataingia ofisini. Alijua tu kwamba amebakiza moja. Bwana Whitlock alikuwa ametufunga pamoja ili tuchungane, na watoto wale walipofungwa pamoja wakasimama pamoja. Jambo hilo mfalme wa kwanza hakulifikiria, naye alikuwa na jeshi kubwa kuliko la Whitlock.

Mimi sikufukuzwa. Onyo niliandikiwa, na mwaka uliofuata nikahamishwa kutoka chumba changu kizuri cha korido kuu kwenda kwenye mabanda, vile vyumba vya muda vilivyowekwa uwanjani nyuma ya shule, vyenye ngazi za mbao na kiyoyozi kinachonguruma. Wenzangu walinipa pole. Ilikuwa adhabu, na kila mtu alijua. Ila hakuna aliyefikiri mpaka mwisho. Banda halina korido. Pasipo na korido hakuna cha kufagia. Na njia ya kwenda mabandani haina paa, kwa hiyo mvua ikinyesha kila mwanafunzi wangu alifika amelowa na amechelewa, na mimi pia. Niliokota tofali karibu na uzio, nikalipaka rangi nyekundu, nikalitumia kuuzuia mlango usijifunge. Nilibaki huko mpaka nilipostaafu. Waliponiuliza kama nataka kurudi ndani, nilikataa.

Furaha alimaliza programu yake. Hayo niliyajua kwa mama yake, aliyekuja darasani na sinia la samaki wa kukaanga lililofunikwa kwa karatasi ya alumini, wakati mimi nikiwa katikati ya vita vya Wagiriki. Tulisimamisha vita, tukala.

Siku yangu ya mwisho, Bwana Whitlock alikuja bandani kuchukua funguo. Siku hizi yeye ndiye mkuu wa shule, na kufagia kumebadilishwa jina mara kadhaa bila kubadilika. Nilimpa ufunguo wa banda, wa kabati na wa chumba cha karatasi. Vifyatulio vya mbao nilikuwa nimeshamkabidhi kijana wa Eldoret anayechukua darasa langu, pamoja na maelezo ya kila siku ya wiki ile. Bwana Whitlock, akiwa bado ngazini, akatazama chini, akaona tofali.

"Na hili?" akauliza.

"Funguo ni za shule," nikamwambia. "Tofali ni langu, nami nimemwachia mwalimu anayekuja. Akifika Agosti akalikosa, atanipigia simu, na mimi nitakuja na lingine."

Akafungua mdomo kunijibu. Hapo mvua ikaanza, ile ya ghafla, matone makubwa juu ya paa la bati na juu ya koti lake la suti. Alitazama jengo kuu, mbali, ng'ambo ya nyasi, kisha akanitazama mimi niliyekuwa ndani, pakavu, mlango wazi upana wake wote.

"Karibu, Bwana Whitlock," nikasema. "Ingia tu."

Akaliruka tofali, akaingia.